Faili la modi halitambuliki? Anza kwa kujua limetengenezwa lisomwe na nani

Umepakua zana ya kuwekea modi (nyongeza au marekebisho ya gemu) kwenye gemu, umeibofya mara mbili, na badala ya usakinishaji kuanza, Windows inakuuliza ulifungue faili kwa programu gani. Au limefunguka kwenye Notepad, ukurasa mzima alama zisizosomeka. Wengi wakifika hapo huanza kujaribu programu moja baada ya nyingine, na wengine huenda kupakua programu inayodai kufungua mafaili ya kila aina kutoka tovuti wasiyoijua. Tafadhali usifanye hivyo. Ujumbe ule hausemi kwamba faili ni bovu. Unasema tu kwamba kompyuta haina programu iliyopangiwa kiendelezi hicho, yaani herufi zinazofuata nukta ya mwisho kwenye jina la faili.

Kabla ya kutafuta cha kulifungulia, jiulize faili hilo limetengenezwa lisomwe na nani. Kuna mafaili yaliyobanwa, ambayo yamebeba mafaili mengine ndani yake. Kuna programu zinazoendeshwa. Halafu kuna vipande vinavyosomwa na gemu yenyewe au na zana nyingine. Hivi mtu havifungui, huviweka tu mahali pake. Vilio vingi vya "faili halitambuliki" vinatoka kwenye kundi hili la mwisho: mtu anahangaika usiku kucha kufungua kitu ambacho hakikukusudiwa kufunguliwa.

Hatua ya 1: Onyesha viendelezi

Windows huficha viendelezi tangu inaposakinishwa, na ukiendelea hivyo utakuwa unafanya kazi gizani. Kwenye Windows 11 fungua File Explorer, bofya "View", kisha "Show", halafu weka alama kwenye "File name extensions". Kwenye Windows 10 kisanduku hicho kipo moja kwa moja ndani ya "View". Kwenye macOS, nenda kwenye mipangilio ya Finder, sehemu ya "Advanced".

Mara nyingi tatizo linajionyesha hapo hapo. Faili ulilodhani ni modi.jar kumbe ni modi.jar.zip, kwa sababu ulibadilisha jina huku kiendelezi kimefichwa. Modi za Minecraft Bedrock zenye kiendelezi cha .mcpack au .mcaddon nazo wakati mwingine huishia na .zip, hasa zikipakuliwa kwa simu, kwa sababu kwa ndani ni zipu za kawaida na kivinjari kimezipa jina la kile kilichokiona. Rudisha kiendelezi chake cha asili na gemu italipokea. Kinyume chake kina hatari: ukiona jina kama modi.zip.exe, hiyo ni programu iliyojificha nyuma ya jina la zipu. Ifute bila kuifungua.

Hatua ya 2: Hakikisha faili limefika lote

Likiishia na .crdownload (Chrome na Edge) au .part (Firefox), upakuaji haujakamilika. Kulibadilisha jina hakutasaidia. Pakua upya.

Kisha linganisha ukubwa wa faili ulilonalo na ule ulioandikwa kwenye ukurasa wa modi. Kama ukurasa unasema megabaiti 40 na wewe una kilobaiti 12, karibu kila mara ulichopakua ni ukurasa wa wavuti uliovaa jina la zipu. Lifungue kwa Notepad. Ukiona mstari wa kwanza umeandikwa <!DOCTYPE html, umepata jibu. Sava ilitaka uingie kwa akaunti yako kwanza, au kiungo kilikuwa kimeisha muda. Ingia, rudi kwenye ukurasa wenyewe wa modi, ubonyeze kitufe cha kupakua upya.

Watengenezaji makini huandika pia alama ya SHA-256 ya faili, yaani mfululizo wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na kilichomo ndani yake. Fungua dirisha la amri ndani ya folda yenye faili hilo (namna ya kulifungua iko kwenye Hatua ya 5), andika certutil -hashfile, acha nafasi, jina la faili, acha nafasi, SHA256. Mfululizo wa herufi utakaotokea ukifanana na ule wa mtengenezaji, faili ni lenyewe na limefika zima. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, usiendelee nalo.

Hatua ya 3: Soma baiti za mwanzo

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Jina la faili ni kibandiko tu, mtu yeyote anaweza kukibandua na kubandika kingine. Mafaili mengi hutaja aina yake ndani yake yenyewe, kwenye baiti za kwanza kabisa. Pakua HxD, kihariri cha bure cha baiti, ulifungue faili lako nacho (usihifadhi mabadiliko yoyote), kisha tazama safu ya kulia kwenye mstari wa juu.

Ukiona PK, hiyo ni zipu. Herufi hizo ni za Phil Katz, aliyeasisi muundo huo. Lakini usiishie hapo, maana mafaili ya .jar, .mcpack na .ts4script nayo ni zipu kwa ndani na yote huanza na PK. Ukiona Rar! hilo ni faili la RAR. Ukiona 7z, ni la 7-Zip. Ukiona MZ, na mistari michache chini yake maneno "This program cannot be run in DOS mode", hiyo ni programu ya Windows au faili la .dll, hata kama jina lake linaishia na .jpg. TES4 ni faili la data la Oblivion, Skyrim au Fallout 4, yaani .esp au .esm. DBPF ni .package ya The Sims. Na kama mstari wa kwanza una maneno ya kawaida yanayosomeka, basi ni maandishi: huenda mipangilio, huenda ukurasa wa wavuti.

Kwenye Linux na macOS huhitaji HxD. Fungua terminali, andika file, acha nafasi, kisha jina la faili. Jibu litatoka kwa maneno.

Sasa unaweza kubadilisha jina kwa uhakika. Faili lisilo na kiendelezi linaloanza na PK, na ambalo ukurasa wake unasema ni zipu, lipe .zip na litafunguka. Ila kumbuka kubadilisha jina hakubadilishi kilichomo. RAR uliyoiita .zip bado ni RAR. 7-Zip itaifungua kwa sababu inaangalia ndani, lakini zana ya kusimamia modi inaweza kuikataa kwa sababu imeamini jina.

Hatua ya 4: Mafaili yaliyobanwa

Kwa .zip, .rar na .7z sakinisha 7-Zip kutoka tovuti yake rasmi. Ni ya bure na inafungua aina zote tatu. Windows 11 imeweza kufungua .rar na .7z yenyewe tangu 2023, lakini mimi bado napendekeza 7-Zip, kwa sababu faili likiwa na kasoro inakuambia kasoro ni nini. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua 7-Zip, kisha "Open archive". Kwenye Windows 11 huenda ukapitia kwanza "Show more options".

Mafaili yenye majina kama .part1.rar, .part2.rar au .7z.001, .7z.002 ni faili moja lililokatwa vipande. Vipande vyote vikae folda moja, kisha fungua cha kwanza peke yake. Vingine vitafuata vyenyewe. Kikikosekana kimoja, hakuna ujanja: rudi ukakipakue.

Kuna mtego mmoja wa GitHub, tovuti ambako watengenezaji huweka programu zao, unaowanasa watu wengi sana. Kwenye ukurasa wa matoleo, chini ya kila toleo, GitHub huongeza yenyewe mafaili mawili yanayoitwa "Source code", moja la zip na jingine la tar.gz. Huo ni msimbo chanzo, maandishi ya watengenezaji kabla hayajageuzwa kuwa programu. Ukiufungua ukakuta mafaili ya .cpp, .cs, .sln au .csproj na hakuna .exe popote, kompyuta yako haina tatizo lolote. Rudi kwenye ukurasa ule ule, tazama orodha ya "Assets", uchukue faili lenye jina la zana na namba ya toleo, kwa kawaida likiwa juu ya yale mawili. Ukikuta aina mbili, moja x86 (ya biti 32) na nyingine x64 (ya biti 64), chagua kulingana na gemu yenyewe ilivyo.

Na si kila zipu hufunguliwa. Factorio husoma modi zikiwa bado zipu. Vifurushi vya muonekano vya Minecraft pia hukaa hivyo hivyo. Zana za kusimamia modi kama Vortex na Mod Organizer 2 nazo hutaka faili lililobanwa lenyewe. Ukiona ndani yake folda inayoitwa fomod, hayo ni maelekezo kwa zana hiyo ya kukuuliza maswali wakati wa kusakinisha. Ukitoa mafaili kwa mkono unayapoteza maelekezo hayo. Kwa watumiaji wa Mac: Safari inaweza kufungua zipu zenyewe mara tu zinapofika, ukabaki na folda wakati zana inadai zipu. Zima chaguo la kufungua mafaili "salama" kwenye mipangilio ya Safari, kisha pakua tena.

Hatua ya 5: Faili la .jar

Kama modi zako ni za Minecraft Java, soma hapa kwa utulivu, maana .jar moja huendeshwa na .jar nyingine haiguswi.

Kisakinishi cha Forge, programu inayoiwezesha Minecraft kupokea modi, ni .jar na kinatakiwa kuendeshwa. Modi yenyewe pia ni .jar, ila hiyo huwekwa tu ndani ya folda ya mods, kwenye .minecraft (bonyeza Windows na R kwa pamoja, andika %appdata%\.minecraft, kisha Enter). Ukibofya modi mara mbili isifanye chochote, hilo ni jambo la kawaida.

Kisakinishi kisipotambulika, sababu kubwa ni kwamba Java haipo kwenye kompyuta. Hili huwashangaza watu, kwa sababu gemu inacheza vizuri. Programu rasmi ya kuanzishia Minecraft hubeba Java yake ndani kwa matumizi yake yenyewe, na Windows haiioni. Pakua Java ya Temurin kutoka Adoptium. Wakati wa kusakinisha, hakikisha chaguo la kuongeza Java kwenye PATH (orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu) na lile la kuunganisha mafaili ya .jar yote yamewashwa.

Sababu ya pili ni programu ya kufungulia zipu iliyojitwalia .jar. Ukibofya kisakinishi, inakuonyesha folda ya META-INF na mafaili mengi ya .class. Hapo watu huenda kwenye "Open with" wakachagua javaw.exe kwa mkono, na bado hakuna kinachotokea, kwa sababu Java ikiitwa hivyo haiambiwi kwamba inapewa .jar, inahitaji neno -jar mbele ya jina. Sakinisha Temurin upya ukiwa umewasha chaguo la kuunganisha, au tumia njia hii ambayo haitegemei mipangilio ya Windows:

Fungua folda yenye kisakinishi. Bofya kwenye upau wa anwani juu, futa kilichomo, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi andika java -jar, acha nafasi, andika herufi za kwanza za jina la faili, kisha bonyeza Tab ili jina lijikamilishe. Bonyeza Enter.

Likitokea dirisha la Forge, umemaliza. Ukiambiwa kwamba java "is not recognized as an internal or external command", Java haijasakinishwa, haimo kwenye PATH, au dirisha hilo la amri lilikuwa limeshafunguliwa kabla ya kusakinisha. Lifunge, fungua jipya. Ukiona UnsupportedClassVersionError, Java ipo lakini ni ya zamani kuliko faili linavyotaka. Ujumbe huo hutaja namba: 52 ni Java 8, 61 ni Java 17, 65 ni Java 21. Kwa upande wa gemu, Minecraft hadi 1.16.5 hutumia Java 8, 1.17 hutumia Java 16, kuanzia 1.18 hadi 1.20.4 ni Java 17, na 1.20.5 ikapandisha hadi Java 21.

Kwa kuwa .jar ni programu kamili, chanzo chake kina uzito mkubwa. Juni 2023 programu hasidi iliyopewa jina fractureiser ilisambazwa ndani ya modi za Minecraft kupitia CurseForge na Bukkit, na ilikuwa ikijipachika kwenye mafaili mengine ya .jar iliyoyakuta kwenye kompyuta. Hizo zilikuwa tovuti kubwa zinazoaminika. Sembuse tovuti inayonakili modi za wengine na kuzizungushia matangazo.

Hatua ya 6: Vipande visivyofunguliwa

Kwa haya, achana na kubofya. Soma maelezo ya modi utafute neno moja tu: folda gani.

Mafaili ya .esp, .esm na .bsa ya Skyrim huenda kwenye folda ya Data ya gemu, na ni afadhali yapelekwe na zana ya kusimamia modi. SKSE, zana ambayo baadhi ya modi za Skyrim huitegemea, ni tofauti: skse64_loader.exe na .dll zake hukaa kando ya SkyrimSE.exe, nje ya Data, kisha gemu huanzishwa kupitia skse64_loader.exe, ambayo ni kipakizi, yaani programu inayopakia nyongeza gemu inapoanza.

Mafaili ya .package na .ts4script ya The Sims 4 huwekwa kwenye Documents, Electronic Arts, The Sims 4, Mods. Faili la .ts4script lisizame zaidi ya folda ndogo moja ndani ya Mods, la sivyo gemu hailioni. Na baada ya gemu kusasishwa, ingia kwenye mipangilio uwashe modi upya, maana sasisho huzizima.

Faili la .oiv la GTA V husakinishwa kwa zana ya OpenIV, kutoka ndani ya OpenIV. Faili la .asi linahitaji kipakizi cha ASI kiwepo tayari kwenye folda ya gemu.

Faili la .dll halifunguliwi kamwe kwa kubofya. Kwa gemu zilizotengenezwa kwa injini ya Unity zinazotumia kipakizi cha BepInEx, winhttp.dll na folda ya BepInEx hukaa kando ya .exe ya gemu, na .dll za modi hukaa ndani ya BepInEx\plugins. Anzisha gemu mara moja, uifunge, kisha tazama kama faili la LogOutput.log limejitokeza ndani ya folda ya BepInEx. Likiwepo, kipakizi kinafanya kazi na unatafuta kosa kwenye modi. Lisipokuwepo, kipakizi chenyewe hakijaanza: umekiweka folda isiyo yake, au umechukua x86 badala ya x64. Kwenye Linux kupitia Proton (zana ya Steam ya kuendeshea gemu za Windows), ongeza WINEDLLOVERRIDES="winhttp=n,b" %command% kwenye chaguo za kuanzisha gemu huko Steam.

Hatua ya 7: Kitufe cha kupakua kisichopakua

Kwenye tovuti ya modi ya Nexus Mods, kitufe cha kupakua kwa zana hufungua kiungo kinachoanza na nxm://. Kivinjari kikikuuliza kitumie programu gani, au kikinyamaza kabisa, hakuna zana iliyojiandikisha kupokea viungo hivyo. Ingia kwenye mipangilio ya Vortex au Mod Organizer 2 uwashe upokeaji wa viungo vya Nexus. Ukiwa nazo zote mbili, iliyowashwa mwisho ndiyo itakayopokea. Unaweza pia kuchagua kupakua kwa mkono na kuliingiza faili mwenyewe.

Hatua ya 8: .exe inatambulika lakini haifunguki

Onyo la buluu la SmartScreen, kinga ya Windows, linasema tu kwamba programu haijulikani sana. Kama umeipata kwa mtengenezaji mwenyewe na SHA-256 imefanana, bofya "More info", kisha "Run anyway". Zana iliyotoka kwenye zipu ikilalamika kwamba haiwezi kupakia .dll zake, futa folda uliyoitoa, bofya ile zipu kwa kitufe cha kulia, "Properties", weka alama kwenye "Unblock", kisha toa mafaili upya. Ikikosekana VCRUNTIME140.dll, sakinisha Visual C++ Redistributable kutoka Microsoft, ya x64 na ya x86. Usipakue .dll moja moja kutoka tovuti zinazogawa .dll. Na maelezo ya modi yakikutaka uzime antivirusi yote ndipo isakinishwe, tafuta modi nyingine.

Ukikwama bado na unaomba msaada, taja jina kamili la faili pamoja na kiendelezi, ukubwa wake, herufi za kwanza ulizoziona kwenye HxD, toleo la gemu, toleo la zana, na unakili ujumbe wa kosa neno kwa neno. Kama kuna faili la .log, liambatishe lote, usinakili mistari ya mwisho peke yake. Mara nyingi kosa la kwanza, lile lililozaa mengine, liko juu kabisa.